Magurudumu Matatu kwa Mteja Mmoja

9 Januari 1992

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umevaa soksi zote ulizonazo, maana mara ya mwisho ulisema baridi ya huko inaingia mpaka kwenye mazungumzo. Hapa tunaendelea. Paa la karakana lilivuja, nimeliziba kwa bati la kopo la rangi. Fundi seremala jirani yangu amenunua redio, kwa hiyo sasa mtaa mzima tunasikiliza mpira, tupende tusipende. Mama anakusalimu.

Kilichonishikisha kalamu ni kazi. Nimepata mteja, mwanamke wa makamo, miguu imemkataa. Ulianza mgongo kuuma, ikaja ganzi, na sasa daktari kasema miguu hiyo haitarudi. Ana meza yake sokoni, na msimamizi wa soko kamwambia meza ikikaa tupu mpaka mwisho wa mwezi wa nane anapewa mtu mwingine. Wanaoitaka wapo, wanapita kuitazama kama wachumba.

Nataka kumtengenezea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, aende sokoni mwenyewe. Fremu nitachomelea. Shida ni vipuri. Vinavyouzwa hapa ni bati tupu, pedeli inapinda ukiitazama kwa hasira. Huko najua kuna baiskeli za zamani za chuma cha kweli. Naomba magurudumu matatu ya saizi moja, mikono ya pedeli jozi moja, minyororo miwili ya kuunga, na breki ya kushika inayoshika kweli. Ni mteja wa maana sana kwangu, Mjomba. Usiniletee utani kwenye hili.

Mpwa wako

*

2 Februari 1992

Mpwa wangu Spana,

Marahaba, tena marahaba ya kilo nzima. Mimi ni mzima, chuma cha reli. Baridi ipo ila tumeshazoeana, asubuhi tukikutana kwenye ngazi inanipisha.

Umekuja kwa mwenyewe. Katika mji huu wa majengo yasiyoisha, ukiuliza nani anajua baiskeli kuukuu, watakuelekeza kwangu hata askari wa barabarani. Lugha nne nazizungumza, ya tano naielewa nikitukanwa. Na hili la kusema nisilete utani, unamwambia samaki asilete maji.

Sikiliza. Watu wa huku ni wa ajabu. Mtu anafunga baiskeli yake kwenye nguzo, anaingia dukani, anasahau kwamba ana baiskeli. Inakaa mwaka. Manispaa wanakata kufuli, wanaichukua, na wanamuuzia mzee mmoja mwenye yadi nyuma ya stesheni ya treni. Jina lake halitamkiki, mimi namwita Bwana Kutu na yeye anaitika. Baiskeli zimerundikwa humo mpaka juu ya ukuta, pedeli ya hii imeingia kwenye spoki za ile, ukivuta moja zinakuja tano zinakulilia. Bwana Kutu anakaa kwenye kibanda cha vioo na hita yake miguuni. Alinitajia bei nikakaa chini nikaomba maji ya kunywa. Akacheka. Akashusha. Hivyo ndivyo tunavyofanya biashara sisi watu wa kimataifa.

Lakini sinunui kitu kabla hujaniletea vipimo vya mteja. Mashine ya mikono siyo suruali ya mtumba kwamba itamkaa tu akifunga mkanda. Nataka bega mpaka kiwiko, kiwiko mpaka kiganja, mkono upi una nguvu. Shule niliiacha ikiwa bado inanipenda, lakini tepu naisoma kuliko profesa.

Mwambie dada yangu nimemuota ananigombeza, nikaamka na furaha siku nzima.

Mjomba wako, bingwa

*

27 Februari 1992

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika ina doa la chai, nikajua uliiandikia kazini. Hapa joto. Redio ya seremala imeharibika, mtaa umefanya kama sherehe.

Vipimo hivi hapa, nimepima mara mbili. Mkono wa kushoto, bega mpaka kiwiko ni sentimita thelathini na mbili, kiwiko mpaka katikati ya kiganja thelathini na tatu. Huo ndio wenye nguvu. Wa kulia urefu ni huohuo lakini haunyooki wote. Unaishia nusu njia, kana kwamba ameshika kikapu. Kiwiko kilivunjika utotoni kikaungwa vibaya. Kwa hiyo mikono ya pedeli lazima iwe mifupi, ya baiskeli ya mtoto ikibidi, la sivyo kila mzunguko utakuwa unamvuta bega.

Jambo jingine, mteja huyu hataki kusukumwa. Seremala alimbeba mgongoni kwenda kwa daktari, akaambiwa amshushe kabla ya kona ili watu wasione. Sasa hatoki kabisa. Kiti kimewekwa dirishani, na yeye akataka kigeuziwe ukutani. Ndiyo maana nakuomba ufanye haraka.

Mama anakusalimu.

Spana

*

21 Machi 1992

Spana,

Salamu utazikuta mwishoni kama zitabaki.

Jumamosi nilikwenda yadi na barua yako mfukoni. Nimepata mikono ya pedeli mifupi, ya baiskeli ya mtoto wa tajiri, inang'aa kama meno ya mgombea ubunge. Nimepata na rimu za inchi ishirini na nne ambazo hazijapata kugonga jiwe tangu zizaliwe. Bwana Kutu akanikaribisha kibandani kwenye hita, nikakaa kwenye kiti chake, nikaanza kumuigiza mteja wako ili nijue pedeli ikae umbali gani na kifua. Kushoto nikanyoosha. Kulia nikanyoosha nikaishia nusu njia, kama nimeshika kikapu. Nikazungusha hewa. Bwana Kutu anatazama tu, kwao kila mtu yuko huru kuwa kichaa.

Mzunguko wa tatu hivi nikasimama. Spana, mkono ule naujua. Umenifunga vifungo vya shati la shule, umenichapa, umenipakulia. Na siku ulipovunjika mimi nilikuwepo mbele nakimbia, dada yangu yuko nyuma na mwiko, sukari ya mgeni iko mdomoni mwangu, na chini kuna maji ya sabuni. Mpaka leo akikupungia unadhani anakupa kikapu.

Bwana Kutu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni kutu imeniingia machoni.

Mteja wako ni dada yangu. Usinijibu, nimeshajibiwa. Na mimi naandika utani, naandika nimemuota ananigombeza, kumbe mtu amegeuziwa ukuta.

Naja. Nimeulizia tiketi. Unajua makaratasi yangu bado yanapikwa ofisini, na nikitoka kabla hayajaiva mlango unafungwa nyuma yangu. Ufungwe. Fedha za vipuri na za kusafirisha nitaziweka kwenye nauli, nikiuza koti zinatosha. Nitambeba mwenyewe mpaka sokoni, mchana kweupe, na atakayetazama nitamkodolea macho mpaka aone haya.

Mjomba

*

10 Aprili 1992

Mjomba,

Shikamoo. Usije.

Nimeandika neno hilo juu kabisa ili kama unasoma ukiwa kwenye foleni ya tiketi, utoke kwenye foleni. Hii nimemlipa mtu wa posta aiweke kwenye mfuko wa ndege ya leo.

Ni Mama. Ni tangu mwezi wa kumi na moja. Alinikataza nisikwambie. Alisema huyo akisikia atatupa kila kitu na kuja mbio, halafu atakaa hapa hana kazi, hana makaratasi, anatusimulia baridi. Kwa hiyo nikakudanganya. Mteja wa makamo, mara Mama anakusalimu, niliandika bila kutetemeka. Ila ulipotaka vipimo, Mjomba, hapo niliketi na kalamu. Ningeweza kuandika mkono ulionyooka. Lakini mimi ni fundi. Uongo wote nimeuweza, wa vipimo umenishinda, maana mashine ingekuja ikamtoa bega.

Barua yako aliiona. Niliificha kwenye kopo la spana na yeye akataka kopo, sijui alinusa. Akaisoma yote, pale kwenye sukari ya mgeni akasoma mara mbili. Nilidhani atalia. Akaniambia niandike, na maneno yake ni haya, sijaongeza wala kupunguza: "Akija mikono mitupu, tutakaa mimi na yeye tunatazamana. Ukuta nimeshatazamana nao, na una adabu kuliko yeye. Mwambie alete magurudumu. Kubebwa nilibebwa na mama yangu, imetosha."

Kisha akasema kiti kigeuzwe, aone nikichora fremu.

Kwa hiyo chagua, Mjomba. Fedha hizo haziwezi kukuleta wewe na kuleta magurudumu. Mwezi wa nane ni ule kule, tunauona.

Spana

*

4 Mei 1992

Kwa Spana, na kwa mteja wake mkaidi,

Barua ilinikuta nimeshauza koti. Nimelinunua tena kwa mtu yuleyule, na faida kachukua, mwizi yule, na alikuwa amelivaa.

Dada yangu, marahaba ya adabu ya ukuta imefika. Nimetii. Sijawahi kukutii nikiwa karibu, ilibidi nipande ndege ili nijifunze.

Sasa Spana, shika kiti vizuri nikwambie nilivyofanya, maana kazi hii hata meli zenyewe zitaisimulia. Kuna mtu wetu hapa anasafirisha mizigo, tunamwita Nahodha ingawa akivuka daraja tu anatapika. Yeye ana kona kwenye kontena, na anatoza kwa pipa. Pipa moja, bei moja, ujaze manyoya au ujaze risasi. Unanielewa? Mjinga angeweka magurudumu matatu, akafunika, akalipia hewa. Mimi sijawahi kulipia hewa nauli.

Nimepata pipa la bluu lililokuwa la matango ya siki. Nikarudi kwa Bwana Kutu, nikamwambia mzee, leo usicheke, leo ni dada. Akanitajia bei nikatoa bila kuomba maji. Akashangaa mpaka akanifungulia kona ya nyuma, nikachagua nilichotaka. Magurudumu yako matatu nimeyafumua yote, rimu zimelala ndani ya pipa moja juu ya nyingine kama bangili, habu, yaani vitovu vyake, katikati. Nikaona nafasi ipo, nikafumua na mengine ya baiskeli za kila ukubwa, ya kukuanzishia karakana ya kisasa. Spoki zote nimeziweka pamoja kwenye mguu mmoja wa suruali yangu ya zamani na kuufunga kamba. Gololi zote nimemwaga kwenye soksi. Minyororo nimeipaka grisi nikaizungusha pembeni, breki nimezisokomeza palipobaki tundu. Nilipofunga kifuniko, hata sindano ingeomba radhi.

Nahodha alijaribu kulinyanyua akaniuliza kama nimeweka mtu.

Limeondoka. Mimi nimebaki nanuka siki, watu wa basi wananipisha kama waziri.

Bingwa

*

18 Julai 1992

Mjomba,

Shikamoo. Tuko salama, ila mimi nina kesi na wewe.

Pipa lilichelewa. Meli ilipita bandari mbili ambazo haikuahidi. Nimekwenda bandarini nikazoeleka mpaka mama anayeuza karanga getini akaanza kunifungia bila kuniuliza. Siku lilipofunguliwa, ofisa alikuwa ameinama juu ya kifuniko. Harufu ya siki ikampiga usoni akapiga chafya, akagonga muhuri akiwa amefumba macho. Kwa hilo nakushukuru.

Nikalifikisha karakana, nikafungua suruali yako. Mjomba, nani alikufundisha? Spoki za baiskeli ya mtoto, za mtu mzima, za mbele, za nyuma, za upande wa gia na upande usio wa gia, zote ziko kwenye mguu mmoja wa suruali kama tambi. Unajua spoki ikizidi milimita chache inatoboa tyubu, ikipungua haishiki. Gololi za saizi zote zimo kwenye soksi, nazo zilianguka zikaenda mpaka kwa seremala. Vipuri ni vizuri, sijapata kuona chuma kama hicho. Lakini mimi peke yangu, na kazi za wateja mlangoni, kuzitenganisha kungenifikisha mwezi wa kumi. Nilikaa chini kwenye sakafu. Sikulia, nilinyamaza tu, na Mama akasikia kunyamaza kwangu.

Akaniita nimpelekee. Nikamwambia hizi ni za ufundi. Akasema yeye kauza vifungo, nyuzi na zipu tangu sijazaliwa, kama kuna kitu anajua duniani ni kutenganisha vitu vidogo vilivyochanganywa na mpumbavu. Nikamtandikia mkeka. Akavaa tepu shingoni. Spoki anaipima, anaitaja kwa sauti, anaiweka fungu lake, na kila fungu likijaa anakutukana tusi jipya, sijui alikuwa ameyahifadhi wapi. Gololi alizipitisha kwenye kile kibao chake cha matundu cha kupimia vifungo, kila moja ikadondokea tundu lake. Hakuna hata moja iliyokosea.

Siku ya kwanza alikula chakula chote. Siku ya pili akagombana na seremala kupitia dirishani kuhusu redio, ambayo imepona. Alipomaliza akaniuliza kama huyo mpumbavu ana pipa jingine.

Naanza kusuka magurudumu leo.

Spana

*

9 Agosti 1992

Spana,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye treni, nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akahamisha mtoto wake.

Kuhusu spoki. Ninyi watoto wa siku hizi mnakimbilia kulaumu. Hamkuona mbali. Mimi nilikaa nikafikiri, dada yangu ni mtu wa vidole, nikipeleka vitu vimepangwa vizuri atafanya nini? Nikachanganya makusudi. Kila spoki niliyoitia kwenye suruali ile niliitia kwa hesabu ya kitabibu. Msomee hapo, taratibu.

Hapa usimsomee. Sikuchanganya makusudi, mpwa wangu. Nilikuwa na haraka, nilifumua nikatia, sikupima hata moja. Lakini mwachie tusi lake, na mimi niachie sifa yangu.

Sasa breki. Pale kwenye mashine ya kusaga barabara inateremka, napakumbuka, nilipoteza meno mawili pale. Weka breki magurudumu yote mawili ya nyuma, siyo moja, la sivyo itamgeuza. Na iwe na ndoano ya kuifunga akitaka kupumzika kwenye mlima wa kurudi. Rangi sikukuwekea, mwache achague.

Mwezi wa nane umeanza kukimbia. Kazini wananiuliza kwa nini natazama kalenda. Nimewaambia nina mtihani.

Mjomba

*

3 Septemba 1992

Mjomba,

Shikamoo. Najua umeruka salamu, kwa hiyo na mimi naziruka.

Baiskeli ilikwisha wiki ya mwisho ya mwezi. Magurudumu yanazunguka bila kuyumba hata unywele. Breki nimeweka mbili, na ndoano. Rangi alichagua nyekundu, nikamwambia nyekundu inaonekana kutoka mbali, akasema anajua. Uani alifanya mazoezi siku nne. Amevunja ndoo ya seremala na mlango wa banda la kuku, na lawama zote kakutupia wewe.

Jumatatu, tarehe thelathini na moja, alitoka. Alijipandisha mwenyewe kutoka kwenye kiti, boksi la vifungo mapajani. Mimi aliniambia nibaki na wateja wangu. Nilibaki mpaka alipokunja kona, halafu nikafuata nyuma kwa nyuma, nikijificha kwenye milango ya maduka kama mdaiwa.

Mtelemko wa mashine ya kusaga aliushuka vizuri, breki zinanong'ona. Kwenye mwinuko wa sokoni mikono ikachoka. Akasimama katikati, akafunga ndoano. Watu wakatoka kwenye maduka, wawili wakaja kushika kiti wasukume. Nikamsikia kutoka nilipokuwa: "Atakayegusa hii nitamuuzia zipu mbovu maisha yake yote." Wakaachia. Akakaa pale barabarani, katikati ya macho ya watu wote wale aliokuwa anawakimbia, akafungua boksi akamuuzia mmoja wao vifungo vinne. Alipopata pumzi akaendelea.

Mezani kulikuwa na muuza mabeseni. Keshapanga rangi kwa rangi, na msimamizi wa soko yuko naye, wanapatana. Mama alisogeza gurudumu la mbele mpaka likagusa meza, akafunga breki, akamtazama msimamizi. Msimamizi akatazama tarehe kwenye saa yake. Akatazama magurudumu. Kisha akaanza kusaidia kubeba mabeseni, moja moja, kama mtu anayeokota yai.

Tangu siku hiyo anakwenda kila siku, na kurudi hajui. Juzi nilikwenda kumtafuta sokoni nikaambiwa kafunga mapema. Nikamkuta ng'ambo ya mto, kwa rafiki yake ambaye hawajaonana tangu mwaka jana. Nikamgombeza. Akaniambia nimeanza kufanana na wewe.

Leo nilitaka aongeze neno lake hapa chini kabla sijafunga. Nimeacha nafasi, nimengoja mpaka posta wamekaribia kufunga. Nimechungulia barabara yote, hakuna chekundu. Kwa hiyo naipeleka hivi hivi, nafasi yake ikiwa wazi. Mama hayupo, Mjomba. Ametoka.

Mpwa wako